MJUMBE HAUAWI, WALAKINI NAYE ASIGEUZE UJUMBE

Wasomaji wetu wengi wametuuliza, kwa barua na kwa mdomo, kwa nini gazeti hili halikusema neno lolote juu ya mnada uliofanyika mwezi uliopita katika mtaa mmoja wa Ng'ambo. Wengine wamefika hadi ya kusema kwamba tumeogopa. Hatukuogopa. Tulinyamaza kwa makusudi, kwa kuwa habari ya barazani ni moja na habari ya hati ni nyingine, na chama kinachodai haki hakina ruhusa ya kumsingizia mtu. Sasa hati tumeziona kwa macho yetu, na waliokuwapo siku ile tumewasikiliza mmoja mmoja. Basi leo twasema.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja mvuvi alidaiwa kuwa alimdhamini mwenzake katika mkopo wa mashine ya boti. Mwenzake akashindwa kulipa, akatoweka. Mdai akaenda mahkamani, akapata hukumu juu ya mdhamini. Kijana akakata rufaa, akisema kwamba saini iliyo katika karatasi ya dhamana si yake. Ikiwa ni yake au si yake hatujui, wala si kazi yetu kujua. Hiyo ni kazi ya mahkama ya rufaa. Tujualo ni kwamba siku ya Alkhamisi, asubuhi, mahkama ilitoa amri ya kusimamisha kukazwa kwa hukumu ile mpaka rufaa isikilizwe. Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa na nakala mkononi mwake, ina saini na muhuri.

Mnada ulikuwa umetangazwa ufanyike Jumamosi. Lakini kijana alipofika kwao, Alkhamisi ile ile, alimkuta dalali amekwisha kufika, vitu vimetolewa nje ya nyumba ya mama yake mzazi, mjane, navyo vinanadiwa. Akampa dalali ile amri. Dalali akaisoma, akaikunja, akamrudishia, akasema, "Hii hakuniletea karani." Kisha akaendelea kunadi. Vikauzwa vitanda viwili, kabati, masufuria, na cherehani ambayo mama yule alikuwa akishonea kanzu za watoto wa skuli na kulea kwayo wajukuu. Wanunuzi walikuwa watatu, na aliyenunua vingi zaidi alikuja katika gari moja na dalali.

Hatumtaji dalali huyo kwa jina. Shauri lake limekwisha kupelekwa mbele ya mahkama, nasi si mahakimu. Hata hivyo jambo lenyewe ni kubwa kuliko dalali mmoja na cherehani moja. Swali tunalouliza ni hili: mahkama ikisema "simama", ni nani katika visiwa hivi aliye na haki ya kusema "nakwenda"?

Dalali wa mahkama ni nani? Yeye si mdai, wala si hakimu, wala si mfanyabiashara aliyekuja kutafuta faida yake. Yeye ni mjumbe. Waranti aliyo nayo ndiyo nguvu yake yote. Bila ya waranti, mtu aingiaye nyumbani mwa mwenziwe akatoa vitanda anaitwa mwizi, hata akiwa amevaa tai na ameshika nyundo ya mnada. Kwa waranti, kitendo kile kile kinakuwa ni cha sheria, na mwenye nyumba anapaswa kukipisha. Tofauti baina ya mwizi na dalali ni karatasi moja ya mahkama. Sasa mahkama iliyotoa karatasi ya kwanza inapotoa karatasi ya pili kuizuia ile ya kwanza, dalali anabaki na nini mkononi? Habaki na kitu. Akiendelea, anaendelea kwa nguvu zake mwenyewe.

Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Ni msemo wa hekima, nao ni ulinzi wa dalali: asipigwe, asitukanwe, kwani maneno aliyoyaleta si yake. Walakini ulinzi huo una sharti lake. Mjumbe asiyeuawa ni yule aliyefikisha ujumbe kama alivyopewa. Aliyeugeuza njiani, au akaufikisha ule wa jana na kuuficha ule wa leo, huyo hakuwa mjumbe tena.

Wako watu wanaodhani kwamba kanuni za mnada ni mambo madogo ya makarani. Hebu tuzitazame. Sheria za mashauri ya madai za Zanzibar, za Tanzania Bara na za Kenya zina mama mmoja, nayo ni Kanuni ya India ya mwaka 1908. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa watu wa huruma nyingi. Walikuwa watumishi wa dola iliyotaka madeni yalipwe. Hata hivyo walijua kwamba mtu aliyepewa ruhusa ya kuingia nyumbani mwa mwenziwe ni mtu wa hatari asipofungwa mipaka, na wakaiweka mipaka hiyo moja baada ya moja.

Walisema asiingie nyumba ya kukaa watu baada ya jua kuchwa wala kabla ya jua kuchomoza. Walisema asivunje mlango wa nje, isipokuwa nyumba ni ya mdaiwa mwenyewe, naye amekataa kufungua. Walisema ikiwa chumbani yumo mwanamke anayetawa kwa mila za nchi, basi apewe habari kwanza na apewe nafasi ya kuondoka kwa heshima yake. Walisema nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake visikamatwe. Wala visikamatwe vyombo vya kazi vya fundi, kwani fundi aliyenyang'anywa chombo chake hawezi kulipa deni hili wala lile lijalo. Walisema mnada utangazwe, na baada ya tangazo zipite siku 15 kwa vitu vya kuchukulika na siku 30 kwa nyumba na mashamba, ila mdaiwa mwenyewe akiridhia kwa maandishi. Walisema mdaiwa akileta fedha yote pamoja na gharama kabla ya nyundo kugonga, mnada ukome pale pale. Na wakasema kwamba mtu yeyote mwenye kazi katika mnada ule asinunue kitu, wala asiwe na sehemu katika kununua, kwa jina lake wala kwa jina la mtu mwingine.

Soma tena kisa cha Ng'ambo ukiwa na mipaka hiyo mbele yako, ewe msomaji, uhesabu mwenyewe ni mingapi iliyorukwa. Siku iliyotangazwa haikungojwa. Vitanda na masufuria havikuachwa. Cherehani ya kushonea riziki haikuachwa. Nyumba na vitu vyenyewe vilikuwa vya mama, ambaye hakudaiwa na mtu, na ambaye sheria inampa haki ya kuja mbele ya mahkama na kusema "hiki ni changu" kabla hakijauzwa. Na juu ya yote hayo, amri ya mahkama ilisomwa, ikakunjwa.

Twajua udhuru utakaotolewa, kwa sababu udhuru wa namna hii si mpya. Udhuru wa kwanza ni ule ule aliousema dalali: kwamba amri haikumfikia kwa njia ya karani. Tunakubali kwamba dalali asiyejua hana lawama. Mwaka 1967 Mahkama ya Juu ya India, ikiifasiri kanuni hiyo hiyo ya 1908, ilieleza kwamba amri ya kusimamisha kukaza hukumu huanza kuifunga mahkama inayokaza pale inapopata habari yake; mauzo yaliyofanywa kabla ya habari kufika hayabatiliki kwa sababu hiyo peke yake. Huo ni uadilifu. Lakini mahkama ile ile ilieleza pia kwamba habari haina mlango mmoja tu wa kuingilia. Inaweza kuletwa na mahkama ya juu, na inaweza kuletwa na mwenye shauri mwenyewe kwa kiapo. Ikiwa mahkama yenyewe yaweza kupata habari kutoka kwa mwenye shauri, vipi mjumbe wake aseme kwamba masikio yake hayafunguki ila kwa karani? Mwenye shaka na karatasi aliyoonyeshwa ana njia nyepesi: asimamishe mnada kwa saa moja akaulize. Zamani angehitaji kupanda baiskeli. Leo karani ana simu mkononi, na dalali anayo yake. Aliyekataa kuuliza hakukataa kwa kuwa alikuwa na shaka. Alikataa kwa kuwa alilijua jibu.

Udhuru wa pili ni kusema kwamba amri yenyewe ilikuwa na kasoro: kwamba hakimu hakuwa na uwezo, au kwamba upande mmoja haukusikilizwa. Huenda ikawa kweli. Lakini ni nani wa kuamua? Mwaka 1952, katika shauri la Hadkinson, Mahkama ya Rufaa ya Uingereza iliyakabili maneno kama haya. Mama mmoja alikuwa amemchukua mtoto wake akaenda naye Australia bila ya ruhusa ya mahkama, kinyume cha amri. Majaji walikataa kumsikiliza katika rufaa yake mpaka amrudishe mtoto kwanza. Walisema kwamba kila aliyepewa amri na mahkama yenye mamlaka anapaswa kuitii mpaka itakapoondolewa, na wajibu huo hauondoki hata kama mwenyewe anaamini kwamba amri ile ina kasoro. Mahkama za Afrika Mashariki zimeitegemea kanuni hii mara nyingi. Maana yake ni nyepesi: amri mbaya huondolewa na jaji, haiondolewi na yule iliyemzuia.

Udhuru wa tatu ndio ule wa wakubwa: "nilitumwa." Dalali husema ametumwa na mdai, na mdai aghalabu ni mtu mwenye uwezo, au hunong'ona kwamba iko ofisi nyuma ya mdai. Basi na tuutazame mfano wa aliye mkubwa kuliko madalali wote. Mwalimu mmoja kutoka Zaire aliomba hifadhi Uingereza, akakataliwa, na mwaka 1991 ikawa anarudishwa kwao. Jaji akataka asiondolewe kwanza, akaondolewa. Jaji akaamuru arudishwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akaifuta safari ya kumrudisha, kwa kushauriwa kwamba jaji hakuwa na uwezo juu ya Serikali. Mwaka 1993 mahkama ya juu kabisa ya nchi ile ilihukumu kwamba Waziri, kwa cheo chake, aliidharau mahkama. Ikiwa waziri wa dola iliyowahi kututawala hakuweza kujificha nyuma ya ushauri na cheo, dalali wa Unguja atajificha nyuma ya nani?

Hapa yatupasa tuseme pia maneno ambayo baadhi ya wanachama wetu hawatayapenda. Dawa ya deni ni kulipa. Mdai naye ni mtu. Huenda akawa mwenye duka dogo, au chama cha akiba cha kina mama, ambao fedha yao ikipotea nao watoto wao watalala na njaa. Aliyekwenda mahkamani, akangoja, akalipa ada, akapata hukumu, ana haki ya kuiona hukumu yake ikikazwa. Twajua wako wadaiwa wanaohamisha vitu usiku kwa jirani, wanaoandikisha boti kwa jina la shemeji, wanaokimbilia rufaa ili kuchelewesha tu. Hao hatuwatetei. Na sheria imekwisha kuwaona: rufaa peke yake haisimamishi hukumu. Mwombaji lazima aonyeshe sababu ya kutosha na hasara kubwa itakayompata, asiwe amechelewa, naye atoe dhamana. Kwa hiyo mahkama inapotoa amri ya kusimamisha, haikutoa zawadi. Imekwisha kupima pande mbili. Dalali anayeivunja anaivunja hukumu ya mizani, si huruma ya hakimu.

Dini yetu nayo imefundisha jambo hili kabla ya kanuni ya 1908: deni ni amana, na mdeni mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Mambo mawili hayo yamewekwa pamoja, wala hapana ruhusa ya kushika moja na kuacha la pili.

Visiwa vyetu vina kumbukumbu ndefu ya deni na mnada. Wazee wa mashamba walikuwa wakiweka mikarafuu yao kwa bei ya khiyari, wakitumai kuirudisha msimu ukiwa mzuri. Msimu ukawa mbaya, khiyari ikapita, shamba likaenda. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, madeni yalikuwa makubwa hata Serikali ya wakati ule ikaona kwamba mnada ukiachwa uendelee hapatabaki wenye mashamba. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuzuia ardhi isihamishwe ovyo. Mwaka 1935 madeni ya mashamba yakasimamishwa kwa muda. Na mwaka 1938 ikaja sheria ya kuyapatanisha. Watu waligombana sana juu ya sheria hizo, na mgomo wa karafuu wa 1937 na 1938 ni ushahidi wa uchungu wa pande zote. Hatuyataji haya ili kufufua uhasama. Deni halina kabila. Twayataja kwa sababu ya jambo moja: sheria iliposema mnada usimame, nyundo ziliwekwa chini. Wazee wetu walipata nafasi ya kupumua kwa sababu mkono ulioshika nyundo ulikuwa chini ya neno la sheria. Lau madalali wa siku zile wangesema "hatukuletewa na karani", mikarafuu mingapi ingekuwa imekwenda?

Tena visiwa hivi vimeonja upande wa pili. Vimeona, baada ya 1964, nyumba na mashamba yakihama kwa tamko, bila ya mwenyewe kusimama mbele ya jaji. Vimeona, tangu 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, mahkama ambazo wakili hakuruhusiwa kusimama ndani yake kumsemea mtu. Tuliozaliwa katika siku hizo, na tuliosimuliwa na wazazi wetu, twajua ladha ya nchi ambayo haki ya mtu yategemea ni nani aliye mlangoni. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imesema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Maneno hayo hayana maana katika kitabu ikiwa hayana maana mbele ya nyumba ya mjane. Hatua ya kwanza ya kurudi tulikotoka si lazima iwe mizinga. Yaweza kuwa ni karatasi moja ya mahkama, iliyosomwa, ikakunjwa, wala hapana aliyeulizwa.

Sasa twageuka kwa vijana wetu. Jioni ya siku ile walikusanyika, wakataka kwenda kwa dalali. Viongozi wa tawi waliwazuia kwa shida, na baadhi yao mpaka leo wana kinyongo. Twataka waelewe kwa nini walizuiwa. Mwaka juzi chama chetu kilishindwa katika shauri la nyumba iliyokuwa ofisi ya tawi. Tuliamini, na hata leo twaamini, kwamba hukumu ile haikuwa sawa. Wako waliosema tuifunge nyumba, tukae ndani. Hatukufanya hivyo. Siku iliyotajwa katika amri tulitoa meza zetu, mabuku yetu na mashine hii inayopiga gazeti hili, tukatoa ufunguo, tukatia saini, kisha tukakata rufaa. Watu walitucheka. Walisema upinzani gani huu unaotoa ufunguo kwa adabu. Leo mwaona faida yake. Leo twaweza kusimama mbele ya nchi nzima na kusema: sisi amri iliyotuumiza tuliitii, basi na wao waitii ile inayowauma. Lau siku ile tungelikaa ndani, leo tusingelikuwa na mdomo wa kusemea. Sheria ni msumeno. Asiyekubali ikate nyuma asitake ikate mbele.

Kwa hiyo mwanachama yeyote atakayefikiwa na dalali na afanye haya. Amwombe waranti, aisome au asomewe, atazame jina, tarehe na mahkama iliyoitoa. Amwite sheha na majirani wawili wawe mashahidi. Aandike kila kitu kinachotolewa, na atake orodha iliyotiwa saini na dalali. Kitu kisicho cha mdaiwa, mwenyewe aseme pale pale mbele ya mashahidi, kisha aende mahkamani upesi akaandikishe dai lake. Akiwa ana amri ya kusimamisha, aionyeshe, aisome kwa sauti, aandike saa aliyoionyesha na maneno aliyojibiwa. Asimguse dalali, wala asimtukane, wala asimzuie kwa mwili wake. Kisha siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda kulala, aende kwa wakili au kwa karani wa mahkama akaape kiapo cha yaliyotokea. Kijana wa Ng'ambo alifanya karibu yote haya, na ndiyo maana shauri lake leo lina miguu ya kusimamia. Angempiga dalali, angekuwa yeye ndiye mshitakiwa.

Na kwa wenye mamlaka twaomba mambo machache, wala hatuoni kwamba ni makubwa. Amri ya kusimamisha ikitolewa, karani ampelekee dalali siku ile ile, na saa aliyompelekea iandikwe katika jalada. Mnada usifanywe ila siku na mahali palipotangazwa. Majina ya madalali wenye ruhusa yabandikwe katika ubao wa kila mahkama, Unguja na Pemba, ili mwananchi amjue mjumbe wa kweli na wa uwongo. Fedha ya mnada ihesabiwe mbele ya mahkama. Na dalali anayethibitika kuidharau amri asimamishwe kazi, kwani mjumbe aliyegeuza ujumbe mara moja hapewi mwingine. Haya si mageni kwa jirani zetu. Kenya ina sheria ya madalali tangu 1996, yenye bodi inayoweza kumnyang'anya dalali leseni yake. Na kanuni zake za 1997 zinampa mdaiwa siku 7 kwa vitu na siku 45 kwa ardhi kabla ya mnada. Tanzania Bara nayo ilitunga mwaka 2017 kanuni za uteuzi, malipo na nidhamu za madalali wa mahakama. Penye sheria nzuri kwa jirani, kuiga si aibu.

Twawaambia na madalali wenyewe, kwani wengi wao ni watu waadilifu, na wengine ni wanachama wetu: kazi yenu ni nzito na haina shukurani. Mwaingia nyumbani kwa watu siku yao mbaya kuliko zote. Malipo yenu aghalabu hufuata bei ya kilichouzwa, na kwa hiyo mnada uliosimama ni jasho lisilolipwa. Twalijua hilo, na tutakuwa wa kwanza kuunga mkono ombi kwamba dalali aliyesimama kwa amri ya mahkama alipwe gharama zake za haki. Lakini hapana malipo yatakayomrudishia dalali heshima aliyoiuza. Mwenzenu mmoja akiikunja amri, kesho watu hawataiamini waranti ya yeyote katika nyinyi, na siku mtakapokuja na haki mtapokelewa kama mlikuja na dhuluma.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mama yule wa Ng'ambo hakuomba asamehewe deni ambalo hakulikopa. Anachoomba ni cherehani yake, na jawabu la swali alilotuuliza tulipokwenda kumwona: "Wanangu, kama karatasi ya korti haikuwazuia, niwaonyeshe nini siku watakaporudi?" Sisi hatukuwa na jawabu la kumpa. Twalipeleka swali lake mbele, kwa wale walio na wajibu wa kulijibu, nasi tutangoja, na kila toleo la gazeti hili tutakumbusha kwamba tunangoja.